Sabuni za kuua vijidudu na misuli ya samaki: Nani analipa gharama?

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa anaifahamu homa ya maziwa. Ng'ombe aliyezaa jana, mwenye kiwele kilichojaa, anashindwa kusimama. Miguu inalegea, masikio yanakuwa baridi na shingo inageukia ubavuni. Daktari wa mifugo akifika hahangaiki na antibiotiki. Anampa kalsiamu kupitia mshipa wa damu, polepole, na mara nyingi haupiti muda mrefu kabla mnyama hajasimama na kuanza kula.

Ugonjwa huo unafundisha jambo kubwa kuhusu mwili wa mnyama. Msuli hauendeshwi na chakula peke yake. Ili ng'ombe asimame, punda avute mkokoteni au samaki apige mkia, lazima amri itoke kwenye neva, ifike kwenye msuli, na ndani ya msuli kalsiamu iachiwe kwa wakati wake. Hatua moja ikivurugika, mnyama mwenye misuli iliyonona anakuwa kama gari lenye tangi lililojaa mafuta lakini waya wa betri umekatika.

Somo hilo la zizini linasaidia kuielewa hoja ambayo kwa muda mrefu imeachiwa wanakemia na mahakimu wa nchi tajiri, wakati inamgusa pia mkulima, mfugaji na mama wa nyumbani. Hoja yenyewe ni kuhusu dawa za kuua vijidudu zinazochanganywa kwenye sabuni za kawaida za kunawia, hususan kemikali inayoitwa triklosani.

Triklosani ilibuniwa miaka ya 1960 na ikaanza kutumika hospitalini miaka ya 1970, pale ambapo daktari wa upasuaji alihitaji mikono safi kuliko kawaida. Baadaye ilitoka hospitalini ikaingia majumbani. Ilitiwa kwenye sabuni za maji na za mche, dawa za meno, manukato ya kwapani, hata kwenye soksi na vibao vya kukatia nyama. Iligeuka kuwa neno la biashara: bidhaa "inaua vijidudu", kwa hiyo inauzwa ghali zaidi.

Kwa miaka mingi utetezi wa kemikali hiyo ulikuwa rahisi. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, akiwamo Stuart Levy, walionyesha katika jarida la Nature kwamba triklosani huishambulia bakteria kwa kuzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kutengeneza mafuta ya ukuta wake. Wanyama na binadamu hawana kimeng'enya cha aina hiyo. Ikaonekana, basi, kwamba sumu hii inamlenga adui peke yake na kumwacha mwenye nyumba salama.

Ilipofika Agosti 2012 utetezi huo ulipata ufa. Timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Colorado, ilichapisha matokeo yake katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Kiongozi wa kazi hiyo, Isaac Pessah, na wenzake hawakuchunguza bakteria. Walichunguza misuli.

Ili kuelewa walichokiona, ni vema kuifuata amri ya neva hatua kwa hatua. Neva inapotaka msuli ujikunje, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye makutano yake na msuli. Kemikali hiyo inaamsha umeme mdogo unaosambaa juu ya ngozi ya chembe ya msuli na kuzama ndani yake kupitia mifereji myembamba. Humo kuna protini mbili zinazotazamana. Ya kwanza inausikia umeme, ya pili ni mlango wa ghala la kalsiamu. Ya kwanza ikitoa ishara, ya pili inafunguka, kalsiamu inamwagika na msuli unajikunja. Yote haya yanatokea kwa kufumba na kufumbua jicho.

Watafiti walibaini kwamba triklosani inavuruga mazungumzo ya protini hizo mbili. Neva inaweza kuwa nzima, umeme ukafika, lakini mlango wa kalsiamu hausikii vizuri. Hali hiyo ilionekana kwenye msuli wa mifupa na pia kwenye msuli wa moyo.

Kisha wakajaribu kwa wanyama walio hai. Panya wa maabara waliopewa kemikali hiyo walionyesha kushuka kwa kazi ya moyo kwa hadi asilimia 25 ndani ya dakika 20. Panya wengine waliopewa dozi moja walipungukiwa nguvu ya kushika kwa asilimia 18, na upungufu huo ulidumu hadi dakika 60. Samaki wadogo wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini waliowekwa kwa siku 7 kwenye maji yenye triklosani waliogelea kidogo kuliko wenzao, wakati wa utulivu na hata walipotishwa kana kwamba adui anawafukuza.

Kwa mtu anayefuga samaki, sentensi hiyo ya mwisho inatosha kumfanya aweke kalamu chini. Samaki asiyeweza kukimbia ni chakula cha ndege. Samaki asiyeogelea vizuri hafuati chakula, na samaki asiyefuata chakula haongezeki uzito wakati mwenye bwawa anaendelea kununua pumba na dagaa.

Hata hivyo, haki inadai kusema upande wa pili. Dozi waliyopewa panya ilikuwa kubwa na iliingia mwilini kwa mara moja. Mtu anayenawa mikono hapati kiasi hicho, na watetezi wa viwanda vya sabuni walilisema hilo mapema. Pia maji ya maabara si maji ya mto. Jua huivunja triklosani, na mto wenye maji mengi huipunguza makali. Hakuna aliyeonyesha kwamba mtu ameanguka chini kwa kunawa na sabuni ya aina hiyo, na makala za kutisha watu hazimsaidii mkulima.

Lakini mkulima si mgeni katika suala la dozi. Pengine ndiye analielewa kuliko mtu wa mjini. Kazi yake ya kila siku inategemea dawa zinazocheza na neva na misuli. Dawa ya minyoo aina ya levamisoli hufanya kazi kwa kuipoozesha misuli ya mnyoo hadi ashindwe kujishikiza kwenye utumbo. Mbuzi akipewa kupita kiasi, naye hutokwa na mate na kutetemeka. Dawa za kuogeshea za jamii ya oganofosfeti humwua kupe kwa kuzuia kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini, hivyo amri ya neva inabaki imewaka bila kuzimika. Ng'ombe akiinywa dawa hiyo kwenye josho, atapata dalili za jambo hilo hilo.

Tofauti ni kwamba dawa hizo zina taratibu. Kuna kipimo kwa uzito wa mnyama, kuna kiasi cha kuchanganya kwenye maji ya josho, kuna siku za kusubiri kabla ya kukamua au kuchinja. Mfugaji anaponunua dawa ya kupe ananunua pia tahadhari, na gharama ya tahadhari hiyo iko wazi. Anajua anachopata: kupe wanakufa, ndigana inapungua, ndama wanaishi. Anajua anachohatarisha. Kwa hiyo anaweza kupiga hesabu.

Sabuni haina kipimo. Hakuna anayepima triklosani inayotoka bafuni kwake, wala hakuna siku za kusubiri kabla maji hayajafika mtoni. Kaya moja inamwaga kidogo sana, lakini mji mzima unamwaga kila siku, asubuhi na jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwamba kibaba hicho kinajaa si jambo la kudhania. Kati ya mwaka 1999 na 2000, wataalamu wa idara ya jiolojia ya Marekani walichukua maji kutoka mito 139 katika majimbo 30, mingi ikiwa chini ya miji na maeneo ya mifugo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha triklosani katika zaidi ya nusu ya mito hiyo. Mitambo ya kusafisha majitaka huondoa sehemu kubwa ya kemikali hiyo kwenye maji, lakini kiasi kikubwa hubaki kwenye tope, na tope hilo katika nchi hiyo husambazwa mashambani kama mbolea. Aidha, bakteria wa majitaka huweza kuigeuza sehemu ya triklosani kuwa kemikali nyingine inayodumu zaidi na ambayo imekutwa kwenye nyama ya samaki.

Kuna jambo jingine ambalo mfugaji wa samaki asilipuuze. Miongoni mwa viumbe vinavyodhurika haraka na triklosani ni mwani, yaani ule ukijani wa maji. Katika bwawa la sato lililorutubishwa kwa samadi, ukijani huo ndio chakula cha bure. Ukififia, mwenye bwawa analazimika kukinunua dukani.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Bei iliyoandikwa kwenye chupa ya sabuni inalipa malighafi, kiwanda, usafiri, matangazo na faida ya mwenye duka. Haimlipi mtu aliye bondeni anayemwagilia mchicha kwa maji yaliyopita mjini, wala mwenye bwawa lililo chini ya mtaro. Huyo hakuinunua sabuni, hakuitumia, na hakuulizwa. Ikiwa kuna hasara, inamwangukia yeye. Wachumi wana msamiati wao kwa hali hiyo, lakini Kiswahili cha kijijini kinatosha: mmoja anakula, mwingine anaosha vyombo.

Gharama ya namna hiyo inaweza kuvumilika kama faida ni kubwa. Hakuna anayesema hospitali ziache kusafisha vidonda kwa sababu dawa itafika mtoni. Swali la msingi, basi, ni moja: sabuni yenye dawa inamwongezea nini mwenye nyumba kuliko sabuni ya kawaida?

Jibu zuri zaidi halikutoka kwenye nchi yenye mabomba ya maji moto. Lilitoka Karachi, Pakistan, katika makazi ya watu maskini yasiyopimwa, yanayofanana sana na vitongoji vya miji mingi ya Afrika Mashariki. Stephen Luby na wenzake walizigawa kaya katika makundi. Baadhi zilipewa sabuni ya kawaida, baadhi sabuni yenye triklokabani, ambayo ni ndugu wa triklosani, na kundi jingine halikupewa sabuni. Wote waliopewa sabuni walihamasishwa kunawa. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2005.

Kunawa kwa sabuni kulipunguza nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 kwa asilimia 50 na kuhara kwa watoto kwa asilimia 53. Hayo ni mafanikio makubwa kuliko ya miradi mingi yenye magari na makongamano. Lakini kati ya sabuni ya kawaida na sabuni yenye dawa hapakuwa na tofauti ya maana. Kilichookoa watoto ni povu, maji na mazoea ya kunawa.

Matokeo hayo yanajibu hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba kuzuia kemikali hizi ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba penye kipindupindu panahitaji sabuni kali zaidi. Penye kipindupindu panahitaji sabuni nyingi zaidi, siyo kali zaidi. Kaya yenye fedha kidogo inayonunua sabuni ghali huishia kununua vipande vichache, na watoto wananawa mara chache.

Chukua hesabu ya mfano tu. Ikiwa mche wenye dawa unamzidi wa kawaida kwa Sh500, na kaya inatumia miche miwili kwa mwezi, nyongeza ni Sh12,000 kwa mwaka. Kwa kaya ya mkulima mdogo fedha hiyo haipo ya kuchezea. Na kwa mujibu wa ushahidi uliopo, nyongeza hiyo haimletei afya zaidi ya ile ambayo sabuni ya kawaida ingempa.

Nchi zilizoanzisha mtindo huu zimeshaanza kurudi nyuma. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kuzuia sabuni za majumbani zenye triklosani kuanzia Januari 2017. Umoja wa Ulaya mwaka 2016 ulikataa kuidhinisha triklosani kama kiua vijidudu katika bidhaa za usafi wa mwili. Septemba 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilizuia viambato 19 katika sabuni za kunawia za walaji, triklosani na triklokabani vikiwamo, na kuvipa viwanda mwaka mmoja. Sababu iliyotolewa ni ya kuzingatiwa. Mamlaka hiyo haikusema kwamba imethibitisha madhara. Ilisema viwanda vimeshindwa kuthibitisha kwamba bidhaa zao ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu, na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Mwaka 2017 wanasayansi na madaktari zaidi ya 200 kutoka nchi mbalimbali walitia saini tamko la Florence, wakitaka kemikali hizo mbili zitumike tu pale ambapo faida yake imethibitishwa.

Hilo ndilo jambo la kujifunza, na ndilo linalopaswa kuingia katika sera. Mzigo wa kuthibitisha unapaswa kubebwa na anayeuza. Mkulima wa mchicha hana maabara. Mfugaji wa sato hawezi kupima kalsiamu kwenye msuli wa samaki wake. Kiwanda chenye faida ndicho chenye uwezo wa kuonyesha kwamba kiambato chake kinafanya kazi iliyotangazwa, na kwamba kikitoka bafuni hakiendi kufanya kazi nyingine mtoni.

Kwa Tanzania njia ipo. Shirika la Viwango, TBS, ndilo linaloweka viwango vya sabuni, na tangu mwaka 2019 lilipewa pia jukumu la usimamizi wa vipodozi lililokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Shirika hilo lina uwezo wa kudai mambo matatu bila kuhitaji mkopo wa nje. Kwanza, kila sabuni inayotangazwa kuua vijidudu iandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, jina la kiambato na kiasi chake. Pili, tangazo la kuua vijidudu liambatane na uthibitisho kwamba bidhaa inapunguza maradhi kuliko sabuni ya kawaida. Tatu, viambato vilivyozuiliwa kwingine kwa kukosa uthibitisho visigeuze masoko ya hapa kuwa jalala.

Tahadhari inahitajika pia kwa viambato mbadala. FDA ilipozuia vile 19, iliahirisha uamuzi kuhusu vingine vitatu, ikiwamo kloridi ya benzalkoniamu, ambayo viwanda vingi vimeigeukia. Kubadili jina la kemikali bila kubadili utaratibu wa uthibitisho ni kuhama chumba ndani ya nyumba inayovuja.

Watafiti nao wana kazi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi wana wataalamu wa kupima maji ya mabonde yanayolimwa mboga, kama bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, na ya mabwawa ya samaki yaliyo karibu na miji. Vipimo vya hapa ndivyo vitakavyosema ukubwa wa tatizo la hapa. Mito ya Marekani inaonyesha kwamba swali ni la haki, haiwezi kujibu kwa niaba ya mto Msimbazi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima anaweza kuamua mambo kadhaa mwenyewe. Asielekeze mtaro wa bafu au wa kufulia kwenye bwawa la samaki. Anunue sabuni ya kawaida kwa kunawa mikono, na fedha inayobaki aiongeze kwenye wingi wa sabuni. Asome kibandiko kabla ya kulipia neno "inaua vijidudu".

Lakini asichanganye mambo. Dawa ya ayodini ya kuchovya chuchu baada ya kukamua ni matumizi ya kiua vijidudu yenye sababu. Inapakwa mahali maalumu, kwa wakati maalumu, dhidi ya ugonjwa wa kiwele unaojulikana, na faida yake imepimwa kwenye mazizi kwa miaka mingi. Mfugaji anayeiacha ili abane matumizi atailipa kwa maziwa yanayomwagwa. Vivyo hivyo dawa ya kukanyagia mlangoni mwa banda la kuku, ilimradi ichanganywe kwa kipimo na ibadilishwe kwa wakati.

Kinachotenganisha dawa ya chuchu na sabuni ya bafuni ni maswali ambayo mfugaji huiuliza dawa yoyote kabla hajaitoa fedha: inatibu nini, kwa kipimo gani, inafanya kazi kuliko ile ya bei nafuu, na ikimwagika inakwenda wapi. Kemikali inayoweza kulegeza msuli wa panya na mkia wa samaki haistahili kupita bila kuulizwa maswali hayo eti kwa sababu imevaa chupa nzuri na inanukia limau.